Duka la Haruna Pale Emali

Tausi alishuka Emali saa nane mchana akitokea Loitokitok, alikovukia mpaka kutoka Tanzania. Siku tatu zilikuwa zimepita tangu azungumze na mtu anayemjua. Kwao ni Buyenzi, mjini Bujumbura, na huko alishona nguo miaka kumi na tisa, mpaka mdogo wake Haruna alipompigia simu akimwambia aache kuhangaika, aje Kenya. Alimtumia na picha ya duka: kuta za kijani, magunia ya maharagwe mlangoni, Haruna mwenyewe katikati, meno yote nje. Tausi akauza cherehani yake, akafunga safari.

Haruna alikuwa ameahidi kumpokea, lakini hakuonekana. Simu yake iliita mara mbili, kisha ikazimwa.

Upepo mkavu ulimjaza vumbi machoni. Malori yalipita mfululizo kuelekea Mombasa, na kila upande watu walisema Kikamba, tena mbio mbio. Tausi alikulia kwenye Kiswahili; alidhani popote kitamtosha. Alimwamkia mama mmoja muuza vitunguu, "Shikamoo, mama," yule mama akacheka kwa mshangao.

"Hiyo salamu sisi tunaisikianga kwa redio tu," akasema. Jina lake lilikuwa Mbula. "Wewe ni Mtanzania?"

"Mrundi. Namtafuta mdogo wangu. Ana duka hapa." Akamwonyesha ile picha.

Mbula aliitazama, kicheko kikamwisha. "Hii duka ni ya Mutisya. Huyu kijana ni wa njugu. Anauzianga watu wa malori, anabeba na ndoo."

Tausi hakuamini. Alivuka barabara na begi lake mpaka kwenye kuta za kijani. Mutisya, mzee mpole mwenye miwani, aliitambua picha mara moja.

"Ni mimi nilimpiga hiyo," akasema kwa furaha. "Aliniomba asimame hapo mlangoni."

Tausi alitoka nje. Ndipo akamwona. Alikuwa kati ya malori mawili, ndoo mkononi, amekonda. Haruna naye alimwona. Akageuka, akaanza kwenda haraka upande wa pili.

"Haruna! Usinikimbie! Hapa sina mwingine!"

Mataniboi waliokuwa juu ya lori wakacheka. Haruna akasimama, amempa mgongo, kisha akarudi polepole akitazama chini.

"Dada, kila siku nilitaka kukuambia."

"Ungeniambia kabla sijauza cherehani."

Haruna alichukua begi, akatangulia mpaka kwenye chumba cha mabati chenye godoro moja. Godoro akampa yeye.

Sasa ni miezi saba. Tausi hakurudi, kurudi nako kunataka pa kufikia. Anatia nguo za watu viraka kwa cherehani ya kukodi, kwenye baraza la Mbula. Haruna huondoka alfajiri na kurudi jua likizama, na maneno yao huishia kwenye salamu na chakula. Hawagombani. Mara nyingine Tausi huona ingekuwa afadhali wagombane.

Asubuhi hupanga foleni ya maji na mitungi yake. Wanawake huongea Kikamba na kucheka, naye hujiuliza kama wanamsema yeye. Alipomuuliza Mbula, aliambiwa wanaongea habari ya mvua, imekataa kuja. Tausi aliitikia kwa kichwa. Hakuwa na hakika.