Nyumba Nzima Iligeuka, Shingo Ikakataa

Juzi tulipanga mstari tangu asubuhi kwenye mashine ya kusaga, hapa Murara, mtaa wetu wa Goma. Mbele yangu dada mmoja alishika beseni la mahindi, na mtoto wake mgongoni alilia njaa. Kilio hicho nakijua, hata wangu hulia hivyo. Lakini mwenye mashine alikuwa akisaga magunia ya rafiki zake, waliofika nyuma yetu.

Mwalimu mmoja mstarini akatuonyesha kwenye simu picha ya kinu cha upepo cha zamani cha Waingereza.

"Nyumba yote ya mbao inakaa juu ya nguzo moja," akasema. "Upepo ukihama, mwenye kinu anasukuma muti murefu wa nyuma, nyumba inageuka kuufuata, na mawe yake ya kusagia ndani."

"Nyumba yote?" akauliza mama mmoja mzee. Alikwisha kupata unga wake, akabaki kusikiliza.

"Yote, mama."

Akamgeukia mwenye mashine. "Papa! Wenzako wanageuza nyumba yote. Weye kugeuza shingo tu, uone mutoto analia, inakushinda?"

Tulicheka. Mwenye mashine akageuka kweli, ila kwa gari jeupe la wakubwa lililosimama mlangoni, akakimbia kupokea gunia lililokuwa ndani.

Mama mzee akachota vikombe viwili vya unga wake, akamfungia yule dada kwenye kitambaa. "Enda umupikie uji."

Kumbe hata Goma tuna kinu kinachogeuka. Kinangoja tu upepo wa gari jeupe.