Fundi alisema waya umekufa, nikampiga mama mkwe kwa mchi (Tanga, miaka ya hamsini)

Wakuu, salaam zenu wote. Walio wadogo kwangu, yaani karibu jukwaa zima, marahaba hata kabla hamjaniamkia.

Ndiyo. Humu mnaniita mkuu, wengine kaka, nami nimenyamaza muda wote kwa sababu inanichekesha. Mimi ni bibi. Nina wajukuu wenye ndevu, na mmoja wao ndiye aliyeniwekea jukwaa hili kwenye simu. Sasa anajuta.

Ninayoandika yalinitokea mwenyewe, sikusimuliwa. Asiyeamini apite tu, sitagombana naye.

Nimesoma uzi wa kijana mwenye nyumba ya marehemu babu yake, soketi inatoa cheche akichomeka pasi. Wengi mmemjibu vizuri. Ila mmoja akaandika, "Mkuu, huo waya ulishakufa, usikupe presha."

Nikaona bora nianzishe uzi wangu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi, nikatolewa kwetu Pangani nikaletwa Tanga, Ngamiani, kwa mume wangu Kassim aliyekuwa akifanya kazi bandarini. Tuliishi na mama yake, Bi Mize, Mungu amrehemu.

Bi Mize hakunitaka. Nasema wazi. Alikuwa amemchagulia mwanawe binti wa ndugu yake, mwana akanichagua mie.

Hakunitukana hata siku moja. Aliniita mkazamwana kama desturi, akala nilichopika, ila akimaliza aliosha sahani yake mwenyewe. Walioolewa ukweni wanajua maana yake: hakutaka mkono wangu umhudumie. Niliishi nikihesabu kwamba kosa langu la kwanza kubwa ndilo litakalonirudisha Pangani.

Nyumba ilikuwa ya marehemu baba mkwe. Umeme aliuingiza yeye, wakati majirani wengi bado wana vibatari, na Bi Mize alijivunia sana jambo hilo. Nyaya zilikuwa zile za zamani, shaba iliyovikwa mpira, juu yake kitambaa. Soketi za matundu ya duara. Lakini paa lilikuwa linavuja, na ukuta ulikunywa maji masika baada ya masika.

Basi siku moja Kassim anapiga pasi kanzu, soketi ya ukumbini ikatoa cheche, ikanuka mpira ulioungua, ikawa nyeusi. Akaitwa Fundi Yohana, Mbondei wa upande wa Muheza, mtu mpole, mwenye maneno machache.

Maneno machache. Hilo ndilo lililotuponza.

Alikuja Kassim yuko kazini. Akazima meni swichi, ile kubwa karibu na mlango wa mbele. Kisha akaniomba mbuzi.

Nikamwuliza, "Mbuzi ya kukunia nazi?"

"Hiyohiyo. Nisimame juu yake. Meni nimezima, lakini sakafu yenu ina majimaji, nami nina watoto. Mti mkavu haupitishi umeme."

Nikaona ajabu, lakini neno lile likanikaa kichwani.

Akafungua soketi, akavuta waya. Mpira wote ukapukutika mkononi kama ukoko mkavu, shaba ikabaki uchi. Akatikisa kichwa, akamwambia Bi Mize, "Mama, waya huu umekufa. Umekufa kitambo. Nakwenda kutafuta mwingine, nitarudi."

Akaondoka. Ncha za waya zinaning'inia ukutani.

Wakuu, hebu tulitazame hilo neno kidogo. Kwetu kila kilichoharibika kimekufa. Saa imekufa, taa imekufa, baiskeli imekufa. Hakuna anayeuliza zaidi. Yohana aliongea kifundi, kwamba mpira umeoza na waya haufai. Bi Mize alisikia kingine kabisa. Alisikia kwamba hapo ukutani hakuna tena cha kumdhuru mtu.

Kassim akarudi kula chakula cha mchana. Jambo la kwanza, redio.

"Mama, mbona redio haisemi?"

"Fundi kazima umeme. Ila waya wenyewe kasema umekufa."

"Kama umekufa, kazima nini tena?"

Akawasha meni. Redio ikasema. Akaridhika, akaja uani, akaingia bafuni kuoga.

Mie nilikuwa uani natwanga kisamvu. Yale mazungumzo niliyasikia, na hata mie sikuona ubaya wake. Kama umekufa, si umekufa?

Bi Mize alikuwa hapendi uchafu. Chokaa imemwagika, nyaya zinaning'inia kama matumbo ya kuku, na mgeni anaweza kuingia wakati wowote. Akachukua ndoo na kitambaa, akavua viatu, akaanza kufuta ukuta. Alipofika kwenye tundu akazikusanya zile nyaya kwa mkono wenye maji ili azirudishe ndani.

Sikusikia ukelele. Nilisikia ndoo ikianguka.

Nikaingia na mchi mkononi, hata sikukumbuka kwamba nimeushika. Nikamwona mama mkwe amesimama, ameegemea ukuta, mkono umekunjika kwenye waya, mwili mzima unatetemeka, macho yananitazama. Mdomo wazi, sauti hakuna.

Nilitaka kumkumbatia. Wallahi miguu ilishaanza kwenda. Ndipo likanijia neno la mti mkavu.

Nikampiga kwa mchi kwenye kifundo cha mkono. Nikampiga tena. Sijui kwa pigo lipi, mkono ukaachia, akaanguka chali.

Na pigo la pili ndilo alilolikuta Kassim, anatoka bafuni na taulo.

"Unampiga mama yangu!"

Akaninyang'anya mchi. Nikasema, "Umeme, Kassim, umeme." Hakunisikia. Kulia kwangu kukawaleta majirani mlangoni, wakamwona Bi Mize chini, mchi mkononi mwa mume, na mie nimejikunyata. Kassim akambeba mama yake kitandani. Aliporudi aliniambia neno moja tu.

"Toka."

Nikatoka, nikakaa barazani mbele ya watu wote. Nikawaza namna nitakavyoshuka Pangani, kwa mama yangu, nikiwa mwanamke aliyempiga mkwewe kwa mchi. Nani ataniamini? Umeme hauonekani. Mchi unaonekana.

Fundi Yohana akarudi na waya wake mpya begani. "Kulikoni, shemeji?"

Nikamweleza kwa kwikwi. Sikumaliza. Aliuangusha waya, akakimbilia meni, akaizima.

"Nani kawasha?"

"Mie," akajibu Kassim. "Si ulisema waya umekufa?"

"Umekufa mpira wake, bwana! Moto wa umeme u mzima!"

Halafu ikatoka sauti chumbani, ndogo, ya kukwaruza.

"Kassim. Mkeo umemwuliza kabla hujamfukuza?"

Kassim akasogea mlangoni mwa chumba.

"Mie pale nilikuwa nnakufa, baba. Nnataka kulia, sauti haitoki. Nikamwona mwanangu anakuja na mchi. Nikasema moyoni, piga. Piga, mwanangu."

Mwanangu. Nililisikia nikiwa barazani, nikalia upya, kilio kingine.

Kassim akatoka nje. Mbele ya majirani walewale, wakati ambapo mwanamume wa mjini hakuwa akifanya hivyo, aliniomba radhi. Nikaingia ndani. Kumsamehe kwenyewe kulichukua muda, sitawadanganya.

Bi Mize alipelekwa hospitali siku ileile, mkono ukafungwa. Yohana aliufumua waya wote wa upande ule hadi kwenye fyuzi, akaweka mpya na soketi mpya, akakataa kuwasha mpaka paa lizibwe. Na toka siku hiyo, kila akizima meni mahali, alimweka mtu chini yake ailinde isiwashwe.

Kifundo cha mkono wa Bi Mize hakikunyooka tena sawasawa. Mgeni akimwuliza, alikuwa akinielekezea kidole.

"Huyu. Pigo la kwanza lilinitoa kwenye umeme. La pili lilikuwa la kwake mwenyewe."

Wageni wanacheka, yeye anacheka. Mie nainama na kutengeneza chai, kwa sababu kwa kweli sijui kama alikosea.

Funzo langu ni hili. Fundi akikwambia kitu kimekufa, mwulize kimekufaje, na mwulize kama umeme bado umo. Aliyezima meni ndiye aiwashe. Na ukimkuta mtu ameshika mchi juu ya mama yako, mwulize kwanza, maana ukishasema "toka" neno halirudi.

Kijana wa ile soketi, wewe zima, ita fundi. Ninyi mafundi wa humu, nirekebisheni nilipokosea kwenye mambo ya waya, sitanuna. Na wenye mama wakwe, leteni ya kwenu. Niko hapa, nasoma taratibu kwa miwani.