Kadi ya Mama Anitha

Mwaka 2001, mtu yeyote aliyeingia ofisi yetu ya maji vijijini, hapa Dodoma mjini, alikutana kwanza na Evarista. Sisi tulimwita Mama Anitha, kwa jina la bintiye. Alizaliwa Mvumi, akasoma hadi darasa la saba, akajifunza kupiga chapa kwa masista, na tangu hapo taarifa zote za visima vya mkoa zilipita kwenye vidole vyake. Kijiji kikikaukiwa, yeye ndiye aliyejua mapema kuliko mkuu wa ofisi, kwa sababu mkuu wa ofisi hasomi. Anasaini tu.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo, nimepewa kiti cha mbao na kazi ya kujitolea. Nilidhani nitaikuta serikali ikihangaikia maji. Nilichokikuta bado kinaniudhi.

Mama Anitha alikuwa na kompyuta ya mezani iliyonunuliwa enzi za mradi uliokwisha. Kila jioni aliifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, cheupe, chenye maua pembeni. Ilikuwa nzito na polepole, ila kila asubuhi iliwaka. Kilichokufa ni printa yake, ile ya utepe iliyokuwa ikipiga kelele kama mashine ya kukoboa. Tepe zake hazikuuzwa tena popote.

Basi wafadhili wakatuletea printa mpya. Mama Anitha akaifungua kwenye boksi kwa furaha, akashika waya wake, akazunguka nyuma ya kompyuta, akakaa huko muda mrefu.

"Mwanangu," akaniita, "hebu njoo. Huu mdomo wa waya mbona mwembamba hivi? Utaingia wapi?"

Haukuwa na pa kuingia. Printa ilitaka tundu la USB, na kompyuta ile ilitengenezwa kabla matundu hayo hayajaenea. Nyuma yake kulikuwa na lile tundu pana la printa za zamani na mengine ya mviringo ya kibodi.

Mkuu wetu, Bwana Sostenes, alipoambiwa, hakusikitika hata kidogo. Alitabasamu.

"Mbovu hiyo," akasema. "Ifutwe. Kompyuta mpya zinakuja."

Zilikuwa zinakuja kutoka duka la shemeji yake, kila mtu alijua. Soko huria limefika, bwana! Zamani mtu alikuwa anaiba usiku, sasa anaitwa mzabuni na anaingia kwa mlango wa mbele akiwa na tai.

Lakini ubaya haukuishia hapo. Zilikuwa siku za kupunguza wafanyakazi, na ofisini kwetu walikuwa na desturi yao: nafasi ya mpiga chapa ilihesabiwa pamoja na mashine yake. Mashine ikifutwa kwenye orodha ya vifaa, nafasi nayo inafutwa. Mama Anitha alikuwa mjane mwenye binti sekondari ya bweni. Tundu lile lilipokosekana, kazi yake yote ilikuwa imekosekana.

Nikampeleka kwa Brighton, fundi kijana mwenye kibanda karibu na stendi. Brighton akacheka.

"Mama, shikamoo. Huu si ugonjwa wa kufia. Ndani ya hiyo sipiyu kuna nafasi za kuchomeka kadi. Tunachomeka kadi moja, nyuma unapata tundu zako mbili za USB. Nitakuwekea na Windows mpya kidogo iweze kuzitambua. Kwisha habari."

"Kadi kama ya kliniki?"

"Kadi ya chuma, mama. Hii haipigwi mhuri."

Mama Anitha aliuza mafuta ya alizeti aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya mwaka mzima, akainunua kadi. Ndogo, ya kijani, inaenea kiganjani. Sasa ikabaki kuifungua kompyuta, na hapo ndipo tulipokutana na lakiri.

Kwetu kila kifaa kilipigwa lakiri nyekundu kwenye skrubu, eti kisiibiwe vya ndani. Kuivunja bila ruhusa ya mkuu ni kosa. Mama Anitha akaenda kuomba ruhusa. Bwana Sostenes akasema njoo kesho. Kesho yake akasema ana kikao. Halafu akasafiri Mtera kukagua mabomba, akarudi na gunia la samaki, hana neno lolote la mabomba.

Nikamwambia, "Mama, tuivunje tu!"

"Mwanangu, wewe utarudi kwenu. Mimi nitarudi wapi?"

Hatimaye Petro, mtunza stoo, mzee wa kanisa asiyependa maneno mengi, akaja na bisibisi yake. Lakiri ni yake yeye, akasema, aliyeipiga ndiye anayeweza kuibandua. Akaikwangua. Brighton akachomeka kadi, akakaza skrubu, akaweka CD, akawasha. Waya mwembamba ukaingia kwenye tundu, tukasikia ule mlio mdogo, na printa ikatema ukurasa wa kwanza: taarifa ya kisima cha Msalato. Herufi safi hadi Mama Anitha akaupapasa ule ukurasa kwa mgongo wa mkono, kama anapima homa ya mtoto.

Bwana Sostenes akatoka ofisini kwake kwa kishindo.

"Nani kafungua mali ya serikali?"

"Mimi, Bwana Mkubwa," Petro akasema.

"Na hicho kidude ni cha nani?"

"Changu," akajibu Mama Anitha. "Nimekinunua mwenyewe. Sasa inafanya kazi, bosi. Haina haja ya kufutwa."

Mtu mwenye aibu angeshukuru. Sostenes akaamuru kadi itolewe palepale, mashine ipelekwe stoo ikiwa mbovu kama ilivyoandikwa. Alisema bila kupepesa macho, "Iliyokwisha kuandikwa mbovu haiwezi kufanya kazi." Na maofisa wenzake, wenye digrii, waliokuwa wamesimama pale wameushika ule ukurasa mikononi, wakatikisa vichwa kukubali!

Kompyuta mpya zikaja. Zikapangwa ukumbini zikiwa ndani ya nailoni zake, zikafungwa utepe wa bluu. Hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa, maana kwa utaratibu wetu nailoni haivuliwi mpaka mgeni rasmi aje azindue. Kamati ya kupokea vifaa ilizipokea kwa kuzitazama kutoka mlangoni, kisha ikanywa soda.

Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alikuja kwa msafara. "Mbukwenyi!" akasalimia kwa Kigogo, tukapiga makofi kana kwamba ametupa maji. Mama Anitha, akimalizia mwezi wake wa mwisho, alipewa kazi ya kugawa soda. Utepe ukakatwa, nailoni zikavuliwa, kompyuta ikawashwa. Mgeni rasmi akasema kwa furaha, "Haya, nichapishieni hata jina langu."

Ofisa mmoja akachukua waya wa printa, akazunguka nyuma. Akaenda kwenye kompyuta ya pili. Ya tatu. Jasho likaanza kumtoka. Hakuna hata moja iliyokuwa na tundu la USB. Zilikuwa mitumba mitupu, kuukuu kama ile ya Mama Anitha, zimepakwa rangi upya na kuvikwa nailoni!

Bwana Sostenes akaenda kwenye kreti za soda, akainama, sauti imekuwa ya asali.

"Mama Anitha, dada yangu, ile kadi unayo?"

Alikuwa nayo kwenye pochi. Nilimkazia macho akatae, waaibike hadi mifupani. Yeye akamwangalia Sostenes, akasema, "Leteni mashine yangu." Nilielewa baadaye: aliamini mgeni rasmi akiona kwa macho yake, kazi yake itapona.

Petro akaileta kutoka stoo, ina vumbi. Mama Anitha akachomeka kadi mwenyewe, akakaza skrubu, akawasha. Jina la mgeni rasmi likatoka, kubwa, jeusi. Makofi! Mgeni akamshika Sostenes mkono. "Hongera sana kwa ubunifu."

Hapo Mama Anitha akasogea mbele, trei ya soda bado mkononi.

"Mheshimiwa, mashine hii imefutwa. Na mimi nimefutwa pamoja nayo. Mwisho wa mwezi naondoka."

Mgeni rasmi akamtazama. Kisha akacheka, cheko la tumbo, akidhani ni mzaha. Sostenes akacheka. Ukumbi mzima ukacheka, watu niliokula nao mezani, wakipangusa machozi.

"Huyu mama ana ucheshi, msimpoteze," akasema mgeni, akaenda kwenye pilau.

Mama Anitha aliweka trei chini. Akazima kompyuta kwanza, taratibu, kama Brighton alivyomfundisha, akafungua skrubu, akachomoa kadi, akaifunga kwenye ncha ya kanga. Sostenes akamfuata hadi mlangoni akimwomba aiache, kwamba mambo yake "yataangaliwa". Hakugeuka.

Leo ana chumba kidogo Ipagala, na kompyuta ya mtumba aliyoichomeka kadi ile. Anachapa barua za wanafunzi na kadi za harusi. Dereva wa ofisi yetu huja na taarifa za visima kwenye diski, akapanga foleni, akalipa kwa fedha za umma.

Watu wakisikia hivyo hufurahi, husema mama ameshinda. Ameshinda nini? Kiinua mgongo chake hakijatoka. Anitha alirudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Na Sostenes amepandishwa cheo.