Kondoo Kumi Katika Zizi Moja

Kondoo wa Anastazia walikuwa kumi na mmoja, na tangu waanze kuzaana hawakuwahi kulala chini ya paa moja. Mgeni akipita Kwemshoa, kijiji kilichokaa juu kabisa kwenye milima ya Usambara, angechungulia banda la kando ya jiko lake, akaona kondoo wawili, akamsikitikia mjane wa watu. Wenyeji walijua. Watatu walikuwa kwa Eliudi, mdogo wa marehemu mumewe, ng'ambo ya kijito. Watatu walikuwa kwa Saleha, jirani wa karibu na msikiti. Na watatu walikuwa bondeni kwa mzee Luqmani, rafiki wa mumewe tangu ujana wao.

Huko ndivyo wanavyofuga. Unampa mwenzako kondoo jike, anamkatia majani, samadi anaiweka kwenye maharage yake, na kila mzao wa tatu ni wake. Mashamba yenyewe ni vipande vilivyoning'inia mlimani, machunga hakuna, msitu haukanyagiki, majani unayakata kwa mundu na kuyabeba kichwani. Nani ataweza kondoo kumi peke yake? Halafu maradhi yakiingia kwa Eliudi, wa Luqmani wapo. Hilo hakuna aliyemfundisha Anastazia darasani. Alilikuta kwa mama mkwe wake, akalishika.

Mumewe Daniel alipofariki alimwachia nyumba, deni la jeneza na kondoo jike mmoja mwenye baka jeusi usoni. Kutokana na huyo mmoja, kwa miaka tisa, wamefika hao kumi na mmoja, na katikati hapo binti yao Ritha amesomeshwa mpaka akapata kazi ya ushonaji mjini Tanga, na paa limeezekwa upya. Lakini siku za karibuni mambo yalikuwa yanaharibika. Wanakondoo walizaliwa wadogo, miguu imepinda, wengine hawamalizi wiki. Anastazia alijua kwa nini. Madume yote ya Kwemshoa ni ndugu, mtu na mjomba wake, na damu ilikuwa imechoka. Alichokitaka duniani ni dume moja la kutoka mbali, lenye kifua.

Basi Ritha akapiga simu kutoka Mabawa, mtaa wa Tanga anapopanga chumba.

"Mama, umesikia redioni? Serikali imewakumbuka watu wa kondoo wa milimani! Wanatoa dume la mbegu kwa kila mfugaji, na chanjo bure miaka miwili!"

"Wee Ritha, usinichezee."

"Haki ya Mungu, mama. Nenda ofisi ya kijiji leo hii."

Siku hiyo Anastazia aliunguza maharage, na wala hakujali.

Ofisini alimkuta Jenifa, afisa mifugo wa kata, binti mdogo mwenye adabu zake, amekaa na rundo la fomu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuandikwa. Nina kondoo kumi na mmoja."

Jenifa akafurahi, maana wa kufikisha kumi kijijini walikuwa wachache, na mradi ulitaka kuanzia kumi. Akauliza zizi liko wapi. Anastazia akaeleza: wawili nyumbani, watatu kwa shemeji, watatu kwa Saleha, watatu bondeni. Kalamu ya Jenifa ikasimama.

"Mama, hapa pameandikwa kondoo kumi katika zizi moja. Wakija wahesabuji, wataandika wa Eliudi kwa Eliudi, na wa mzee Luqmani kwa mzee Luqmani."

"Lakini ni wangu! Muulize mtu yeyote."

"Najua ni wako. Fomu haina sehemu ya kondoo walio kwa watu."

Haya sasa. Mtu kakaa mahali kwenye kiti cha kuzunguka, katunga sera ya kondoo wa milimani, na hajamuuliza mtu wa mlimani hata mmoja kondoo wake wanalala wapi! Jenifa mwenyewe aliona haya. Akashusha sauti akasema, wahesabuji wanakuja Jumanne. Jumanne hiyo kondoo wawe pamoja, wahesabiwe, wavalishwe hereni za namba, na Jumatano warudi walikotoka. Siku moja tu. Alisema kwa wema, na kwa wema huohuo Anastazia alimshukuru.

Jumatatu asubuhi akaanza kuwakusanya. Saleha alimpa watatu wake huku akicheka, akamwambia dume likija asimsahau. Kwa Eliudi alikuta mambo mengine. Eliudi alikuwa amenunua mbuzi mnadani huko chini tambarare, mbuzi huyo akafa baada ya siku nne, na mmoja wa kondoo wa Anastazia alikuwa anakohoa, pua zinachuruzika.

"Baridi tu hiyo, shemeji," alisema Eliudi.

Anastazia alimshika yule kondoo masikio. Yalikuwa ya moto. Mtu aliyefuga miaka yote hiyo haambiwi na mtu maana yake. Alisimama pale na kamba mkononi. Kumwacha anayekohoa peke yake hakukuwa na maana, wenzake wamelala naye pua kwa pua; na akiwaacha wote watatu wa Eliudi, wanabaki wanane. Wanane hawaandikwi. Mungu wangu, kwa siku moja tu! Akamfunga kamba yule anayekohoa, akamvuta pamoja na wenzake, na njia nzima hakugeuka kumtazama.

Bondeni mzee Luqmani alikuwa barazani anasokota katani. Ujana wake alikuwa mkata mkonge huko chini, na kamba zake zilijulikana; kila kondoo aliyepewa kufuga alimsokotea ya kwake. Kumdai mtu mifugo yako kabla ya wakati, huko kwao, ni kumwambia humwamini, na ndiyo maana Anastazia alianza na maelezo hata kabla ya kukaa.

Luqmani alisikiliza mpaka mwisho. "Nimekukosea nini, shemeji?"

"Hujanikosea kitu, Wallahi." Alikuwa Mkatoliki, lakini kwa Luqmani aliapa kwa lugha ya Luqmani. "Ni mambo ya serikali. Kesho wanahesabiwa, keshokutwa nawarudisha mwenyewe."

"Mmoja ana mimba. Ni mzao wa tatu huo."

"Ni wako. Nani kasema si wako?"

Mzee akaingia bandani, akawatoa watatu, akavikagua vifundo vya kamba kimoja kimoja. "Haya. Kamba zangu nazitaka zirudi na wenyewe."

Jumanne wahesabuji hawakuja. Jenifa alipiga simu: gari limepelekwa kwenye ziara ya mkubwa. Jumatano, kikao. Alhamisi, mafuta. Anastazia aliuliza kama awarudishe watu kondoo wao kwanza, Jenifa akauliza huko juu, na jibu likaja kwamba wafugaji wasitawanye mifugo, zoezi linaweza kufanyika siku yoyote. Basi wakakaa. Kondoo kumi na mmoja kwenye banda la wawili, wamebanana mpaka wanapumuliana usoni. Anastazia alikata majani mpaka akaingia kwenye kingo za watu, akatukanwa, akaomba radhi, akakata tena. Yule wa kukohoa alimtenga kwa ubao mmoja. Ubao mmoja! Alijidanganya na alijua anajidanganya.

Siku ya tano wakakohoa wanne. Siku ya saba midomo ikatoka vidonda, wakaanza kuhara, na banda likanuka hata Saleha alipopita njiani alifunika pua, kisha akaona, akashika kichwa. Jenifa alikuja na pikipiki, akawafungua midomo wawili watatu, akavikagua vidonda.

"Ni nini, mwanangu?"

"Sotoka, mama. Sotoka ya mbuzi na kondoo."

"Si mna chanjo? Redio imesema mna chanjo."

"Chanjo ni ya waliosajiliwa. Na kusajiliwa ni mpaka kuhesabiwa." Binti alikuwa analia. "Na hata ningekuwa nayo leo, mama, kwa hawa imechelewa. Nitawachoma dawa ya kifua, niliyonunua mwenyewe."

Akawachoma. Kesho yake wakafa wawili. Kisha watatu kwa siku moja. Anastazia alichimba mashimo kwa jembe la mkono nyuma ya migomba, na alipochoka Eliudi alikuja kuchimba, maana na yeye alikuwa na la kwake moyoni. Yule mwenye mimba wa Luqmani alitoa mimba kwanza. Anastazia alimpangusa na kanga yake, akamwombea Bikira Maria kama anavyoombewa mtu, akamlazia kichwa kwenye paja. Alikufa hapohapo, saa nne ya asubuhi, jua limewaka, watoto wanapita kwenda mapumziko.

Siku ya kumi na mbili gari likaja. Jeupe, safi, na wahesabuji wawili wastaarabu wenye vishikwambi, na kisanduku cha barafu kilichojaa chanjo. Bandani alikuwa amebaki kondoo mmoja, dume alilolihasi mwaka jana kwa ajili ya Krismasi. Katika kumi na mmoja, Mungu alimbakishia huyo!

"Jike?" aliuliza mhesabuji.

"Hakuna."

"Jumla mmoja." Akabonyeza. "Mama, pole sana. Ila kiwango cha chini ni kumi."

"Walikuwa kumi na mmoja. Jumanne ile mliyosema walikuwa kumi na mmoja, wamesimama hapa, niliwafagilia. Muulizeni huyu binti."

Jenifa alisema ni kweli. Mhesabuji alisema hana sababu ya kutoamini, tatizo ni kwamba mfumo unataka picha ya mnyama na namba ya hereni. Akamwambia ajaribu awamu ijayo, na kwa kuwa alikuwa kijana mwenye roho nzuri, alirudi garini akamletea kofia ya mradi. Mbele ilikuwa na picha ya dume la kondoo, pembe zimejikunja, kifua kipana. Anastazia aliipokea kwa mikono miwili na kusema asante, kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

Gari lilipoondoka aliiweka kofia juu ya kigingi cha banda. Kisha alichukua kamba tatu za katani. Alikuwa amezifua kwa majivu na kuzianika siku mbili, lakini harufu haikutoka yote. Akateremka bondeni.

Mzee Luqmani alikuwa barazani. Habari alikuwa nazo, Kwemshoa si mji mkubwa. Bandani kwake hapakuwa na kitu, maana hata majike yake mawili aliyoyapata kwa mizao ya Anastazia yalikuwa yameuzwa mwaka huohuo kwa matibabu. Hakusokota. Mikono ilikuwa imelala mapajani.

"Onga mshi, shemeji," alimwamkia kwa Kishambaa, kama siku zote.

Anastazia aliitika. Akaketi kwenye kizingiti, akaziweka kamba katikati yao. Alikuwa amejipanga njiani amwambie yote: yule wa kwa Eliudi, masikio ya moto, ubao mmoja. Akamwambia. Alimwambia mpaka na lile la kutogeuka nyuma, na machozi yalimwagika mpaka kwenye shingo, na hakuyafuta.

Luqmani alisikiliza kama alivyosikiliza mara ile. Hakumlaani. Afadhali angemlaani, jamani. Aliokota kamba moja, akapitisha kidole kwenye kifundo.

"Ungeniachia hata wawili, shemeji," alisema. "Wawili tu. Leo tungekuwa na pa kuanzia."

Hesabu hiyo Anastazia alikuwa ameshaifanya, Jumatatu ile asubuhi, hapahapa barazani.

"Wangekuwa tisa," alisema.

Mzee alizikusanya kamba. Akainuka kwa kujishika magoti, akaingia kwenye banda tupu, akazitundika kamba zake tatu kwenye misumari yake mitatu.