Aliyetubebea Lawama za Mvua

Siku moja hainitoki akilini, mwanangu: siku ya baraza pale kwa chifu, huku kwetu Timau, tulipotangaziwa kwamba kituo cha hali ya hewa kitafungwa na watu wakapiga makofi. Nimeibeba siku hiyo miaka mingi bila kumsimulia mtu. Leo nakusimulia kwa sababu ya neno ulilosema jana hapa jikoni kuhusu Munene, binamu yako, mwana wa Kirimi. Wewe umeshalisahau, najua, maana vijana husahau maneno yao kabla chai haijapoa. Mimi limenikaa.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa juzi juzi. Babu yako, M'Ikiara, alikuwa amewagawia wanawe shamba, baba yako Mutuma upande huu na kaka yake Kirimi upande ule, na katikati hapakuwa na ua. Mgeni asingejua ngano ya Mutuma inaishia wapi na ya Kirimi inaanzia wapi. Kuku wangu walitaga kwa Kirimi na mayai yakaliwa huko huko, na hakuna aliyeuliza.

Unajua jinsi sisi wenye vishamba tunavyovuna. Kombaini, ile mashine ya kuvunia ngano, ni ya mtu, nayo humaliza kwanza mashamba makubwa. Mwenyewe hawezi kuipandisha huku kwa ajili ya shamba moja. Lazima majirani wote wa mteremko wakubaliane siku. Na wakulima kukubaliana siku, mwanangu, ni kazi kuliko kulima kwenyewe. Huyu anasema ngano bado ina maji. Yule ameona wingu baya mlimani. Mwingine goti linamuuma, kwa hiyo mvua ipo, na usimbishie.

Basi desturi yetu ilikuwa kwamba siku inachaguliwa na kituo. Kilikuwa pale kando ya barabara, nyasi fupi zimezungushiwa waya, ndani yake kopo la kupimia mvua na kisanduku cheupe chenye miguu mirefu. Watu wachache walipokezana zamu. Walisoma vipimo, wakavituma Nairobi kwa redio yao, na Nairobi ikawarudishia utabiri. Kisha Bwana Salim, mkubwa wao, aliulinganisha na alichokiona kwenye mlima wetu na kuja kutuambia.

Salim alikuwa mtu wa Majengo, kule Meru mjini. Alikuwa mwembamba na nadhifu, na aliogopa ng'ombe kuliko radi. Babu yako ilibidi amshike ng'ombe pembe ndipo mgeni apite. Akishakunywa chai alisema, "Wazee wangu, iteni mashine kesho kutwa. Mkingoja wiki ijayo, mtavuna matope." Yakaisha. Hakuna aliyebishana tena, hata mwenye goti.

Usidhani Salim hakukosea. Mwaka mmoja alituambia jua, ikanyesha siku ile ile kombaini ilipokuwa shambani. Mteremko mzima tulishuka kwenda kumpigia kelele langoni kwake. Alisimama, mikono nyuma, akasema, "Nimekosea. Nilitazama vizuri na bado nimekosea." Tulirudi tumechoka kumtukana. Jioni hiyo baba yako na Kirimi walikuwa wameinama juu ya turubai moja, wakigeuza ngano iliyolowa, huku wakimwiga Salim anavyomkimbia ng'ombe. Walicheka mpaka Kirimi akakaa chini. Nikikumbuka kicheko kile naumia, kwa sababu sikujua kwamba nilipaswa kukitunza.

Kisha serikali ikasema wafanyakazi ni wengi mno na pesa hazitoshi. Wenzake Salim wakaondolewa mmoja baada ya mwingine, akabaki peke yake. Kipimo cha joto kikavunjika, na kingine hakikuletwa. Redio ikanyamaza. Nilimkuta siku moja akipuliza vumbi kwenye kile kisanduku cheupe, macho mekundu, akaniambia, "Mama, mtu mmoja hawezi kulala na papo hapo kuangalia mbingu." Nilimpa pole, nikaenda zangu na viazi vyangu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa ule haukuwa nyumbani kwetu, basi tulipita tu.

Sasa ndiyo hiyo siku ya baraza. Chifu akatangaza: kituo kinafungwa, Bwana Salim anahamishiwa kwingine, utabiri tutausikia redioni. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Hata sisi tuko na macho! Dalili ya mvua si ni mawingu?" Mwingine akadakia, "Kwani serikali ilikuwa inalipa mtu kuangalia juu?" Kicheko. Makofi. Baba yako alikuwa miongoni mwa waliopiga makofi, Mungu amrehemu, alikuwa kijana.

Babu yako akasimama na fimbo yake. Hakuwa mtu wa kelele, ila siku hiyo alifoka.

"Mnashangilia nini? Nyinyi mnafikiri huyu mtu alikuwa anatuletea mvua? Mvua iko na mwenyewe. Huyu alikuwa anatuletea siku. Akienda, nani atatuchagulia siku? Na tukikosea, mtamtukana nani? Mtatukanana nyinyi kwa nyinyi!"

Watu wakatazama chini kidogo, kisha wakaanza kuzungumza habari za bei ya mbolea. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulivunjika kwenye mavuno yaliyofuata.

Redio ilisema: nyanda za juu, Meru na Embu, mvua katika sehemu chache na vipindi vya jua. Dada yangu aliyeolewa Kanja, huko Embu, alisikia maneno hayo hayo. Kanja na Timau! Huko wanapanda chai, sisi huku tunagandishwa na baridi kavu ya upande wa pili wa mlima, na utabiri wetu ni mmoja, kama shuka moja la kufunika watoto waliolala vyumba tofauti.

Baba yako akasema, "Tuite mashine sasa." Kirimi, aliyekuwa amechelewa kupanda, akasema, "Hii yangu iko na maji bado. Mnunuzi ataniambia nirudi nayo nyumbani. Tungoje kidogo." Majirani wakagawanyika, wengine huku, wengine kule. Mwenye kombaini akachoka kungoja, akaipeleka mteremko mwingine. Kisha mvua ikaja. Ikakaa juu yetu mpaka ngano ikaanza kuota ikiwa bado masukeni. Ukipita shambani uliona kijani kibichi juu ya dhahabu, na hakuna mnunuzi aliyetaka hata kuigusa.

Baba yako alimkuta kaka yake kwenye mpaka, mimi nikiwa nyuma yake. Alisema, "Ulitaka yako ikauke, yangu ioze."

Kirimi aligeuka akarudi kwake. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, lakini siku hiyo niliuona ukivunja mfupa wa mtu. Juma hilo Kirimi akaanza kuchimba mashimo kwenye mpaka. Ule ua wa miiba unaouona tangu utotoni, ambao siku zote ulidhani ni wa kuzuia mbuzi, ndio huo.

Hawakusemezana tena. Kirimi alipokufa, baba yako alienda mazishini akasimama nyuma, pamoja na watu ambao walipita tu njia wakaona umati. Nilimwonea huruma hata nikashindwa kumkasirikia. Miaka mingi baadaye, ameketi hapo hapo unapopenda kukaa, alitazama ule ua akasema neno moja tu kuhusu jambo hilo: "Kama Salim angekuwako, ningemtukana Salim."

Sasa njoo kwako. Jana uliingia hapa na simu mkononi ukasema, "Munene anataka yake ikauke, yetu ioze." Uliyatoa wapi maneno hayo? Baba yako hakukurithisha hayo kwa kupenda. Nimeziona hizo simu zenu. Yako imechorwa jua, ya Munene imechorwa wingu, na nyote mko mteremko mmoja. Simu si mwongo. Lakini simu nayo inahitaji mtu aliyesimama huku chini akiipimia, na pale kituoni leo wanafunga mbuzi.

Basi nisikilize. Pita kwenye ule uwazi wa ua, kabla jua halijawa kali, umwendee Munene. Mkubaliane siku, na kabla kombaini haijaitwa mwambiane hivi: ikinyesha, imenyesha, hakuna wa kumlaumu mwenzake. Wakati wa kikao cha bajeti ya kaunti, mwende pamoja, wewe na yeye. Watu watataka lami na taa za soko, nazo ni nzuri. Nyinyi ombeni kituo kifunguliwe, ombeni wafanyakazi wa kutosha ili mtu apate kulala na mwenzake aangalie mbingu. Mtachekwa. Babu yako alichekwa pia. Waambieni kwamba huyo mtu hatumlipi kwa sababu hakosei. Tunamlipa atazame kwa niaba yetu sote, ili tukikosea tukosee pamoja.

Nenda sasa, chai utakunywa huko kwao. Mungu akupe mvua ukipanda na jua ukivuna. Mikono yako isikose ngano, na turubai lako lisikose mtu wa kushika ncha ile nyingine. Na siku mbingu zitakapokugeuka, maana zitakugeuka, Mungu akujalie mtu wa kumtukana ambaye si ndugu yako.