Viza ya Kurudi kwa Baba

Siku yangu ya kwanza kazini, Shefu wa Posti, mkuu wa kituo cha mpaka cha Dilolo, hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa ufagio, kisha akanionyesha benchi karibu na dirisha la ofisi.

"Ukimaliza kufagia, ikala pale, angalia batu," aliniambia. "Usiangalie sura. Sura inadanganyaka. Angalia mikono, namna inashika karatasi."

Nilikuwa nimeishia darasa la pili la sekondari. Cheo changu kilikuwa huissier, yaani mtumishi wa mlangoni: kufagia, kubeba majalada, kuita watu kwa zamu. Dilolo inatazamana na Angola, kando ya reli. Asubuhi akina mama wa soko walivuka na unga wa muhogo na mafuta ya mawese, wakarudi na samaki wa chumvi na sabuni. Hawakuwa na pasipoti. Walivuka kwa laissez-passer, karatasi ya ruhusa ya kwenda ng'ambo na kurudi baada ya muda mfupi. Shefu wa Posti aliwafahamu wote, na bado kila asubuhi aliuliza kila mmoja jina lake.

"Shefu," mama mmoja alimwambia, "bwana yangu mwenyewe haniulizake jina mara mingi hivi."

"Bwana yako, Kinshasa haimuulizi kitu. Mi inaniuliza."

Walicheka, na mama akataja jina lake. Hapo nilijifunza kwamba mtu anaweza kuheshimu kazi bila kuwadharau watu. Sikujua kwamba ningeona jambo hilo likifanywa kwa ukubwa zaidi.

Baadaye nilihamishiwa Kolwezi, kwenye ofisi ya pasipoti. Mkuu wetu alikuwa mwanamke, nasi tulimwita Mama Shefu. Tulimzika mwaka huu, mvua zikianza. Kwenye kilio, yaani matanga yake, vijana wa ofisi waliniomba niwaeleze alivyofanya kazi, nami si msemaji. Ndiyo maana ninaandika.

Kwanza niwaeleze kazi yenyewe. Watu husema wanakuja "kuongeza" pasipoti, kama vile karatasi ile inavutwa ikawa ndefu. Haivutwi. Ya zamani ikiisha muda, inatengenezwa mpya, na mwenyewe lazima akae mbele ya mashine. Hiyo tuliiita kaptiri: picha, alama za vidole, sahihi. Hakuna ndugu anayeweza kumkalia mwenzake. Viza ni jambo lingine. Pasipoti inasema wewe ni wa nchi gani. Viza ni ruhusa ya nchi nyingine kwamba uingie, na inahesabiwa siku. Pasipoti ilikuwa kazi yetu. Viza za wageni walikuwa nazo wenzetu wa uhamiaji, jengo la jirani.

Mama Shefu alikuwa na miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu, na akikaa mezani alivua viatu. Wachimbaji wa mgodi wa Mutoshi walipokuja, mashine ilikataa vidole vyao, maana mawe yalikuwa yameisugua ngozi mpaka ikawa laini. Mkuu mwingine angewafukuza. Yeye alinituma nichemshe maji, akawaambia waloweshe mikono, kisha waipake mafuta ya mawese usiku na wasishike koleo mpaka warudi. Wengine walinung'unika kwamba siku bila koleo ni siku bila ugali. Aliwajibu, "Mwambie bibi yako ni Mama Shefu anakukataza kazi. Akasirike na mi." Walirudi, na mara nyingi mashine iliwakubali.

Alikuwa na swali moja ambalo hakulisahau kwa mtu yeyote: "Nani alikupa jina?" Hakutaka kujua jina tu, alitaka kujua lilitoka kwa nani. Kwetu mtoto hurithi jina la mtu, na pamoja na jina hurithi nafasi yake nyumbani. Ukipewa jina la mama wa baba yako, baba yako hakuiti kama mtoto. Anakuita "mama", na anakuheshimu hivyo. Mtu aliyenunua vyeti sokoni anajua jina lililoandikwa, lakini hajui nyumbani wanamwitaje. Nimewaona wakubwa wenye suti wakishindwa swali hilo, wakaomba kwenda kuegesha gari vizuri, na hawakurudi.

Sasa niseme habari ya Ngalula, kwa sababu hapo ndipo nilipojua Mama Shefu alikuwa nani.

Asubuhi moja kijana wa asili ya Kasai aliingia na dada yake. Kijana aliitwa Kalala. Baba yao alikuwa mfanyakazi wa zamani wa migodi, na sasa alikuwa amelala nyumbani na ugonjwa ambao daktari alikuwa ameacha kuutaja. Kalala alitoa pasipoti iliyokwisha muda yenye jina la Ngalula, akasema dada yake anataka mpya kwa safari. Dada akaketi mbele ya mashine. Ile picha ya zamani na uso ule vilifanana kama mapacha.

"Nani alikupa jina?" Mama Shefu akauliza.

"Mama ya tata," akajibu bila kusita, yaani mama wa baba yake.

"Muzuri. Piga simu kwa tata, nimusalimie. Nasikia anagonjwa."

Dada alimtazama Kalala. Kalala alitazama sakafu. Lakini mkubwa akitaka kumsalimia mgonjwa, utakataaje? Alipiga, na Mama Shefu akamwambia aweke sauti nje tusikie wote.

"Tata, ni mi," dada akasema.

Sauti ya mzee ilikuja taratibu, lakini ilikuwa na furaha. "Ee, mama mukwe! Mulishamaliza kule? Leta basi na ndizi."

Huyu hakuwa Ngalula. Alikuwa Kapinga, mdogo wake, mwenye jina la mama wa mama yao, ndiyo maana mzee alimwita mama mkwe. Ngalula mwenyewe alikuwa Ubelgiji. Mama Shefu aliichukua simu, akamsalimia mzee vizuri, akamuuliza kama alilala vizuri.

"Usingizi si mingi," mzee alisema. "Niko nangoja mama yangu. Banasema atakuya."

"Ungoje, tata," Mama Shefu akamjibu, akarudisha simu.

Sheria iliruhusu aite polisi. Badala yake alimwita Kalala akae, akamwambia aeleze yote. Ngalula alikuwa muuguzi kule, na kwa ajili ya kazi alikuwa amechukua uraia wa Ubelgiji. Sheria yetu inasema uraia wa Kongo ni mmoja, haukai pamoja na mwingine. Ukichukua wa nchi nyingine kwa hiari, wa kwetu unauacha. Kwa hiyo ubalozi usingempa pasipoti mpya, na foleni ya kuomba viza huko ilikuwa ndefu kuliko pumzi za mzee. Wakafikiri Kapinga akae mbele ya mashine, wampelekee dada pasipoti kwa msafiri, basi.

"Na vidole?" Mama Shefu akauliza. "Akifika airport baweke kidole yake, mashine iseme si ya mwenye pasipoti? Tata angemungoja, na yeye angelala ndani."

Maneno yakamtoka Kalala. "Mama, yaya, dada yetu mukubwa, alizaliwa hapa. Kitovu yake ilizikwa kwenye lupango, kiwanja ya nyumba ya tata. Sasa aombe viza? Aombe ruhusa ya kuingia kwa baba yake, sawa Mchina wa mugodi?"

Nilidhani atakemewa. Mama Shefu alivua miwani. "Mi na mi niko na mutoto ng'ambo," akasema. "Wa kwanza. Alichukua pasipoti ya Kanada. Akikuya kunisalimia, anakuya na viza. Ni mi mwenyewe nilimwambia aombe."

Tulikuwa tumefanya naye kazi miaka yote hiyo, na hakuna aliyejua. Aliketi penye mashine kila siku, na hakumpa mwanawe alichowakatalia watoto wa wengine.

"Siwezi kukupa pasipoti," Mama Shefu aliendelea. "Lakini mulango iko. Inaitwa visa volant." Akaeleza: ni kibali kinachotolewa Kinshasa mtu angali mbali, kinatumwa uwanja wa ndege, naye anagongewa viza akitua. Kinahitaji karatasi ya daktari na prise en charge, yaani barua ya mwenyeji anayeahidi kumlaza na kumlisha mgeni.

"Mugeni," Kalala akasema polepole.

"Ndiyo, Kalala. Andika vile. Karatasi haijue kulia."

Waliandika pale pale. Kisha Mama Shefu alivaa viatu, akabeba jalada mwenyewe, nami nikamfuata hadi kwa Direkta wa uhamiaji. Direkta aliona kwamba kazi ya viza haikuwa ya ofisi yetu, akatabasamu. "Mama Shefu, unaniomba upendeleo leo?"

"Hapana, Direkta. Usinipe upendeleo. Nakuomba usome leo, si wiki ijayo."

Alikaa kwenye kiti cha wageni, mikono juu ya mapaja. Mtu mnene, mwenye umri, amekaa kimya mbele ya meza yako: ni vigumu kuweka jalada chini ya mengine. Direkta alisoma. Aliuliza alichopaswa kuuliza, akatia sahihi, likatumwa Kinshasa. Kila asubuhi Mama Shefu alivuka ua kuuliza, mpaka kibali kikaja.

Nilitumwa uwanja wa ndege wa Lubumbashi pamoja na Kalala, tumpokee dada yake. Ngalula alitoka kwenye ndege akaenda moja kwa moja kwenye mstari wa wananchi. Askari alimwelekeza kwa adabu upande wa pili, mstari wa wageni. Nilimwona amesimama katikati, ameshika pasipoti ya rangi nyingine kwa mikono miwili, kisha akahama. Aligongewa viza, akatoka, na hakulia mpaka tulipokuwa ndani ya gari. Kalala alimtania, "Mugeni wangu, nimeandika nitakulisha. Unakulaka bado sombe ya majani ya muhogo, ao unataka viazi ya kukaanga?" Hapo alicheka na kulia pamoja.

Tulifika Kolwezi jua likizama. Mzee alikuwa ameomba akalishwe kwenye kiti. Kapinga alimshika mgongo. Ngalula alipiga magoti mbele yake, na mzee akamwekea mkono kichwani.

"Mama, umefika," akasema. Kisha, kama mtu wa kazi anayeuliza zamu yake, "Bamekupa siku ngapi?"

"Mwezi moja, tata."

Mzee alifikiri. "Inatosha," akasema. "Nitajipanga."

Alijipanga. Viza ilikuwa haijaisha alipofariki mikononi mwa binti yake, naye alimzika pamoja na ndugu zake.

Kabla ya kuondoka, Ngalula alikuja ofisini kushukuru, amevaa kitambaa cha msiba. Mama Shefu hakumwacha kwenye kiti cha wateja wala hakubaki kwenye kiti chake. Alizunguka meza, akaketi chini sakafuni kama tunavyoketi nyumba yenye kilio, akamvuta Ngalula akae ubavuni. Watu wa foleni walivua kofia. Hakuna aliyelalamika kwamba dirisha limefungwa.

Mimi nimestaafu. Vijana huniuliza kama sheria ya uraia mmoja ni nzuri au mbaya, na kama itabadilishwa. Wenye elimu wanabishana. Mimi sijui, na sitajifanya najua. Ninachojua ni kwamba nimeona watu wakisema uongo kwa sababu ya mapenzi, na nimeona mtu mmoja aliyewakatalia uongo huo bila kuyakatalia mapenzi yao. Kazi hiyo ni nzito kuliko kugonga muhuri. Sijamwona mwingine aliyeiweza hivyo, na mimi sikuiweza daima.

Kwenye kilio chake nilikaa chini pamoja na mwanawe aliyekuja kutoka Kanada. Kulikuwa na watu wengi, na nyuso nyingi nilizikumbuka kutoka dirishani kwetu. Kalala alikuwepo, amebeba gunia la unga begani. Kijana mmoja wa ofisi alimuuliza kama ni ndugu wa marehemu.

"Hapana," Kalala akasema. "Alinikatalia pasipoti." Akaweka gunia chini, akatafuta mahali pa kukaa.