Msaada wa kodi ya nyumba: niliazima zulia la jirani, nikanyimwa

Wakuu, asalaam aleykum. Walionizidi umri shikamooni. Wengine nimeshawaitikia marahaba kabla hamjaniamkia.

Haya yamenifika mwenyewe, huku Oman, mji wa Ibra. Niliishia darasa la nne kule Tabora, kwa hivyo uongo wa kuandika siuwezi. Uongo wa mdomo ndio ulioniponza.

Kwanza mnijue.

Nilikuja Oman kijana. Nikaziba pancha pale Kamil, kwenye barabara ya Sur, mpaka nikawa na gereji yangu. Sikuwahi kumwomba mtu hata spana. Mtoto ninaye mmoja, Salma, nimemsomesha kwa gereji ile, leo ni mwalimu Sur na ana mume na watoto.

Halafu mgongo ukakataa kazi, gereji nikaifunga. Haukupita muda, figo za mke wangu, Mama Salma, nazo zikafa. Mara tatu kwa wiki lazima aunganishwe na mashine ya kusafisha damu, hospitali ya Ibra.

Ndiyo maana tulipanga nyumba karibu na hospitali. Asili yetu ni Dima, mlimani, kwenye nyumba ya binamu zangu. Huko mashine hakuna, na wadi, yaani bonde la mto, ikishuka maji njia inafungwa.

Basi kodi ikanishinda. Na nikiikosa nyumba ile, Mama Salma yuko mbali na mashine. Jambo lenyewe ni hilo tu.

Salma akasema serikali inasaidia kodi kwa wenye kipato kidogo, unaomba online. Akaja Ijumaa, akakaa na simu yangu, anasoma Kiarabu ananitafsiria.

"Baba, wanauliza, unaye wa kukusaidia?"

"Andika ninaye! Mimi nimekuwa sina mtu?"

"Wanauliza pesa, baba. Hawaulizi heshima."

"Basi andika hakuna. Lakini ujue umeandika wewe, si mimi."

Tukapakia karatasi zote: kitambulisho, mkataba wa nyumba, cheti cha hospitali. Akabonyeza submit. Ikatokea: ombi linashughulikiwa.

Kila nikimaliza sala ya alfajiri nafungua simu. Linashughulikiwa. Kesho yake, linashughulikiwa. Nimesubiri spea kutoka nje maisha yangu yote, lakini kusubiri kule kulinila.

Halafu ikaja meseji. Jumatatu atakuja mtafiti kuiona nyumba.

Hapa ndipo nilipoharibu.

Mgeni wa serikali aingie kwangu akute mkeka umechanika? Nikaenda kwa jirani yangu Khalfan, nikaazima zulia lake la majlisi, chumba cha wageni, mito ya kuegemea, na chupa ya kahawa ile yenye rangi ya dhahabu. Nikanunua halua, tende, matufaha, machungwa. Nikaandaa fuala kamili, kama anavyokirimiwa mgeni wa maana.

Mama Salma akaniangalia kutoka kitandani.

"Baba Salma, mtu anakuja kutazama shida yetu, wewe unamtandikia harusi?"

Nikamwambia mambo ya majlisi aniachie mimi.

Mtafiti mwenyewe kijana wa kiume, kanzu imenyooka. Alianza kwa Kiarabu, alipojua mimi wa Afrika akageuza.

"Shikamoo babu. Bibi yangu kazaliwa Unguja. Mimi Kiswahili yangu kidogo kidogo."

Nikampenda pale pale. Nikammiminia kahawa.

"Zulia mzuri, babu."

"La siku nyingi hilo," nikamjibu.

Akaandika kwenye tableti yake.

"Naomba niona chumba ingine."

Chumba kingine ndicho cha Mama Salma. Dari linavuja, ukuta umeota ukungu, kiyoyozi kilikufa zamani. Nikamwambia, "Humo wamo wanawake." Kijana wa watu ana adabu, akainamisha kichwa, hakuuliza tena.

Mwisho akaniuliza, "Babu, hali yenu vipi? Niambie tu. Mimi naandika vile naona na vile unasema."

Nikasema, "Alhamdulillah, hatukosi kitu."

Watu wa huku mtanielewa. Umeulizwa hali, kahawa iko mbele ya mgeni, utajibu nini kingine? Lakini yeye hakuja kunywa kahawa. Akaandika.

Alipoondoka nikasikia sauti ya Mama Salma nyuma ya mlango: "Zulia la Khalfan limeingia humu asubuhi hii, saa nne limeshakuwa la siku nyingi."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Zulia nikalirudisha siku ileile.

Baada ya siku chache simu ikasema: halikukubaliwa, hali ya makazi ni nzuri. Chini yake pana kisanduku kitupu cha kukata rufaa, na siku za kukijaza zimewekewa mpaka.

Salma akanipigia. "Baba, niambie niandike. Tuseme zulia si letu, tuseme chumba cha mama kinavuja."

"Nimsomeshe mtoto ili aje aandike serikalini kwamba baba yake kaazima zulia?"

"Hiyo si aibu, baba. Aibu ni mama kuteremka mlimani na sindano mkononi."

Nikamkatia simu. Mwanangu mwenyewe, nikamkatia.

Kila siku nilikifungua kile kisanduku. Nikaandika kwa Kiswahili, Salma angegeuza. Naandika "zulia lile", nafuta. Naandika "mke wangu", nafuta. Mikono iliyofungua injini nzima ikashindwa na mistari mitatu.

Siku niliyoweza, kisanduku kimekuwa cha kijivu. Unagusa, hakifunguki. Nikagusa tena na tena kama mjinga.

Mwisho wa mwezi tukatoka.

Mama Salma yuko Sur, mashine iko huko, analala chumba kimoja na wajukuu. Mkwe wangu aliniambia, "Karibu baba, tutabanana." Alisema kwa wema, na mimi nikakataa, mnajua kwa nini. Niko Dima peke yangu. Miaka arobaini na zaidi ya ndoa, sasa naonana na mke wangu Ijumaa, nikipata lifti.

Siku anaondoka alishusha kioo cha gari akaniambia, "Zulia la Khalfan ulilirudisha siku ileile. Mimi utanirudisha lini?"

 

Nilichojifunza ni hiki, hasa nyinyi wazee wenzangu mliojijenga wenyewe. Akija mtafiti, mwache akae kwenye mkeka wako uliochanika. Mfungulie kila mlango. Akikuuliza hali, usimjibu kama unavyomjibu mgeni.

Haya yote niliyoyaandika hapa ndiyo yaliyotakiwa kwenye kile kisanduku. Nimeweza kuyaandika leo, mbele yenu nyote, bila kufuta.

Nimeambiwa kuomba upya kunataka mkataba wa nyumba, na nyumba sina. Kama yupo aliyekataliwa akarudi akakubaliwa, aniambie alianzia wapi. Anayetaka kucheka naye acheke. Nipo, nasoma.